Aika, nimeikata sampuli yako

Bado sijaamini, jamani. Juzi tumemzika Aika kule Kirua Vunjo, kwenye kihamba, shamba la migomba la kwao, na leo asubuhi nikiwa maabara nimemvutia stuli yake kama kawaida.

Nimechoka. Naandika kwa sababu mnanipigia simu kuuliza, na siwezi kueleza tena kwa mdomo.

Tulikaa benchi moja, maabara ya hospitali hapa Moshi. Mimi nakata sampuli, yeye anaziangalia. Alikuwa anatafiti telomere, zile ncha za mwisho za kromosomu ndani ya seli zetu.

Siku moja alimweleza baba yake bandani, kashika kamba ya ng'ombe. "Baba, seli ikijigawa, ncha inapungua, kama kamba hii inavyofumuka mwishoni. Ikiisha, seli inatakiwa ipumzike. Ile inayokataa kupumzika ndiyo inazaa kansa."

Mzee akamjibu, "Na wewe je, unapumzika lini?" Tulicheka sana.

Halafu chai! Ole wako unywe chai ya moto mbele ya Aika. "Iache ipoe, koo siyo bomba!" Kikombe chake kilikuwa kinakaa dirishani mpaka chai ipoe kabisa.

Na kansa ya koo la chakula ikamchukua yeye. Inaniudhi, siwezi kuwadanganya.

Alichokuwa anakipigania ni hiki: wagonjwa wanafika hospitali wakati hata mtori, ile supu laini ya ndizi, haupiti kooni. Alitaka tuishtukie kansa mapema, nyama ikiwa bado inaonekana nzima lakini ncha zimeshafupika. Kwenye slide, kile kioo cha darubini, ncha zinawaka, vidoti vidogo. Zikifupika, vidoti vinafifia.

Alipoumwa akasema sampuli yake nayo iingie kwenye utafiti. "Ukate wewe," aliniambia pale kitandani. "Wengine wanakata nene, utafikiri wanamenya ndizi." Hata pale, jamani!

Sikuweza. Block yake, kipande cha nyama yake ndani ya nta, ilikaa mezani kwangu. Kila siku naisogeza pembeni, nakata za wengine.

Baada ya mazishi baba yake akaniita nyuma ya nyumba. Nikampa shikamoo. Mkononi alikuwa na jani la isale. Kwetu Uchaggani, mtu akikuletea isale anakuomba kwa moyo wote, na hukatai.

"Mwanangu, najua ni ngumu. Lakini wadogo zake wawili wapo. Mwangalie mwenzako, mjue namna ya kuwaangalia na hawa."

Mzee mzima, ametoka kumfukia binti yake, ananibembeleza mimi. Nililia kwa sauti.

Jana nimeikata, Aika. Ya kwanza ikaharibika. Ya pili ilitoka nyembamba, ungeikubali.

Leo nimeiangalia. Pembeni mwa uvimbe, kwenye nyama ambayo ningeapa ni nzima, vidoti vyako vilikuwa vimeshafifia. Ulikuwa unasema kweli, dada.

Boss amesema mtu mmoja hathibitishi kitu, tuendelee. Ndivyo ungesema hata wewe. Kwa hiyo tunaendelea, tumechoka hivyo hivyo.

Wadogo zako wamekubali kuja kupimwa. Yule wa mwisho anaogopa. Nimemwambia nitamshika mkono, na nitamshika.

Sasa wewe pumzika, kazi uliyoifanya inatosha. Lala salama, Aika wangu. Chai yako nimeimimina. Iko dirishani, inapoa.