Kadi Isiyo na Betri

Kwa miaka mingi Mama alikataa kueleza alikomzika dada yangu mdogo tulipokimbilia Uganda. Siku aliyokubali, mimi nilikuwa mpiga video za arusi mwenye kompyuta mpya ya kuhariria, na nilidhani najua kila kitu. Nasema hivi kwa hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Wiki chache kabla ya hapo nilikwenda kwa Msomali mmoja, mzaliwa wa Kenya, mwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini. Nilitaka kadi ya RAID, ile inayounganisha diski mbili ili kila kitu kihifadhiwe mara mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Alinitolea mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ina betri yake ndogo. Nyingine mpya, nyembamba, inang'aa, haina betri.

"Chukua hii ya betri, dada," akasema. "Kompyuta inaweza kukuambia imemaliza, kumbe kazi bado iko kwa kadi, haijafika kwa diski. Stima ikipotea hapo katikati, betri ndiyo inaishikilia."

"Mimi iko na sola," nikamjibu. "Betri ya nini tena? Na joto ya Juba itaipasua."

Akacheka, akanifungia ile mpya. "Sawa, lakini basi usiwashe ile njia yake ya haraka, ndiyo inasema imemaliza kabla diski haijaandika."

Nilipofika nyumbani niliiwasha kabla hata sijavua viatu.

Mtaani kwetu Mangateen, mwenye sola hana sola peke yake. Majirani huleta simu zao kuchaji, na kumnyima mtu umeme ni kama kumnyima maji ya kunywa. Mama mwenyewe ndiye aliyewazoesha. Mchana ule alipokubali kueleza, alizungumza mbele ya kamera karibu saa nzima. Nilivaa vipokea sauti, macho kwenye mishale inayopima sauti, nikiomba kuku wa jirani wanyamaze. Alipomaliza nikahamishia rekodi kwenye kompyuta. Ikaandika kwamba imekamilika. Hapo hapo nikaifuta memori ya kamera, kama kawaida yangu, maana kesho yake kulikuwa na arusi mtaa wa Juba Na Bari.

Sekunde hiyo hiyo jirani aliyekuja kuchukua simu yake akachomeka pasi. "Mafi muskila, hakuna shida, ni shati moja tu," akasema. Kila kitu kikazima.

Sola ilitengenezwa baada ya arusi. Jina la rekodi lilikuwepo, ndani hamna kitu, na memori ya kamera ilikuwa imejaa watu wakicheza. Niliona haya kumwambia Mama. Nikajipa muda, nikasema Jumapili nitamwomba arudie. Kiharusi kikaitangulia Jumapili, kikamchukua kauli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Mwezi uliofuata kaka yangu alikuja kutoka Rejaf na msalaba wa chuma aliouchomelea mwenyewe, ili twende tukamwekee dada. Mama aliinyooshea kompyuta ule mkono wake mmoja wenye nguvu. Ikabidi niwaambie wote wawili.

Kaka hakugomba. "Lakini wewe ulikuwa hapa," akasema. "Mama alisema ni wapi?"

Nakumbuka alitaja mto. Nakumbuka mahali fulani alinyamaza kwa muda mrefu, nami nikafurahi kwamba kuku nao wamenyamaza. Sauti ilikuwa safi kabisa. Alichosema sikukisikiliza, maana mashine ilikuwa inanisikilizia.