Chumba cha Waliopoteana

Ukitaka kumkasirisha Daphrose wa Nyakabiga, muulize, "Mashine yangu ni ipi?" Kila mteja anamuuliza hivyo, na mi nilimuuliza pia. Ana kompyuta mbili tu, nyuma ya duka la vipodozi la dada yake, zinavuma kutwa nzima. Humo ndani anapangisha seva kwa mashule, makanisa na wafanyabiashara.

"Hakuna yako," alinijibu. "Ni kama parsele, ua mmoja wenye wapangaji wengi. Kila mutu ana mlango wake na ufunguo wake. Chini ni mfumo mmoja, Linux, wa wote."

"Jirani akizima yake?"

"Yako inaendelea."

"Akimaliza memori yote?"

"Nimemuwekea mupaka. Na Windows haiingii humo, usiniulize. Sasa we mama, nyamaza kidogo!"

Mi kunyamaza siwezi. Natoka Uvira, nauza vitenge, mdomo ndio mtaji wangu. Na nilikuwa na sababu ya kumsumbua. Katika chumba kimoja humo, sisi wakimbizi tuliweka tovuti ya kutafuta ndugu tuliopoteana nao. Mama yangu, tangu vita vitutenganishe, sikujua kama yuko hai.

Jumanne moja mchana nilikuwa palepale, simu mkononi, mutu akaniandikia kwenye tovuti yetu kutoka ng'ambo ya ziwa: "Wewe ni Béatrice, mtoto wa Rosette? Simu ni ya kuazima, chaji inakwisha. Ngoja nikuambie." Wakati huohuo mashine yenye chumba chetu ikaanza kulia, pii, pii. Feni yake ilikuwa imekufa, na bati lake limechemka hata huwezi kuligusa.

"Itazimika sasa hivi," Daphrose akasema.

"Usiiache izimike! Huyu akikatika simpati tena!"

"Tulia. Nahamisha chumba chenu kwenye ile ingine."

"Na mutu akiwa ndani, anaandika?"

"Na mutu akiwa ndani."

Nilimwona kichaa. Nani anahamisha nyumba watu wakiwa mezani? Akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Kwenye simu yangu, vile vidoti vya kuonyesha mutu anaandika vikasimama. Nikapiga yowe, nikamtukana tusi ambalo sirudii, mi ni mukristo. Hakugeuka hata kidogo.

Vidoti vikaanza tena kucheza. Vyumba vya wengine vikafuata, kimoja kimoja, ndipo ile mashine ikazimika puu. Na yule mutu bado anaandika! Yote aliyoyaanza yamehama naye, na mwenyewe hajui lolote. Yesu wangu! Mwili ulinisisimka wote. Niliiangalia ile kompyuta ya pili, kidude cha kawaida chenye vumbi, nikaiogopa kama ninavyoogopa altare.

Ujumbe ukaingia: "Mama yako yuko hapa kando yangu. Anauliza kama umekula."

Vidole vilikataa kuandika. Nililia kwa sauti mpaka wateja wa vipodozi wakaja kuchungulia. Daphrose akanichukulia simu mkononi, akanijibia yeye: "Bado, mama."