Nilivyomtunza Bi Haruko kwa wimbo wa majani mekundu

Jamani, mimi nina nyota! Leo nimealikwa rasmi kwenye onyesho la nyimbo za Kijapani za msimu huu wa majani kupukutika, hapa hapa Stratford. Kiti cha mbele!

Akapanda jukwaani bibi mmoja, Bi Haruko. Akasema hajaimba tangu mumewe afariki, na huu wimbo wa majani mekundu ndio alioupenda marehemu.

Akaanza. Katikati sauti ikamkatika.

Kila mtu ukumbini anatazama viatu vyake.

Sasa mimi mtoto wa Unguja, nimelelewa na taarab. Mwimbaji azidiwe, nikae tu? Nikainuka na pauni tano yangu juu.

Mume wangu akanivuta gauni: "Mwanamke wee, kaa chini! Hapa si harusini kwa shangazi yako!"

Nikaenda kwa madaha mpaka jukwaani, nikamtunza ile noti mkononi. Wajapani macho yamewatoka!

Bi Haruko akauliza, "Hii ya nini?"

"Kwetu ndivyo tunavyosema endelea, bibi."

Akacheka, akafuta machozi, akaimba mpaka mwisho. Noti kaishika kifuani.

Nyie mngekaa? Semeni hapo chini.

Na huko kualikwa, nimewadanganya. Tuliingia kukimbia mvua.