Nakala Arobaini na Moja za Mukankusi

Mukankusi amechapa kadi za harusi na barua za posa katika ofisi yetu ya Kabeza kwa miaka kumi na tisa, na hajawahi kutoa siri ya familia yoyote. Marehemu mume wangu, Rutayisire, alimwajiri kwa sababu hiyo.

Mwezi wa tatu, kampuni iliyotuuzia programu ya kupangia kadi ilitaka tuseme kompyuta zetu zina nakala ngapi. Tulikuwa tumelipia tatu. Nikaandika tatu katika barua na kutia sahihi chini ya jina la Rutayisire, ambalo bado liko juu ya karatasi zetu za ofisi, jina ambalo halijawahi kukaa juu ya uongo. Mkaguzi wao angekuja Ijumaa.

Kwa uhakika zaidi nilimwita Viateur, fundi wa kompyuta. Aliandika programu fupi iliyoiuliza kila kompyuta orodha ya vilivyosakinishwa. Tatu. Nikaagiza chai.

"Subiri kidogo, Madamu. Orodha haizijui nakala zilizoingia bila kupiga hodi. Ngoja nipekue diski zenyewe."

Tatu ikawa tisa, tisa ikawa ishirini. Hesabu ilisimama kwenye arobaini na moja.

"Nani kafanya haya?" niliuliza.

"Mimi," alisema Mukankusi bila kuinua macho. "Kila familia na yake. Hii ya kina Nduwayo, ile ya kina Shema."

"Mama, programu ni kama cherehani," Viateur alisema. "Gauni linaondoka, cherehani haikumbuki."

"Labda cherehani yako. Hii ukiifungua inataja kazi zilizopita. Bibi harusi mmoja alikaa hapa nilipokaa, akasoma kadi ya bibi harusi mwingine. Bwana harusi yuleyule!"

Viateur alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaizima ile orodha ya kazi zilizopita. Mukankusi aliijaribu mara nne ndipo akakubali nakala thelathini na nane zifutwe.

Nami nilichana barua yangu, nikaandika nyingine: zilikuwa arobaini na moja, kwa ajili ya kutunza siri za wateja, sasa ni tatu.

Ijumaa mkaguzi aliisoma mara mbili, akazihesabu zile tatu.

"Siri gani hizo?"

Mukankusi alimtazama kama mtu aliyeomba kufunguliwa kabati la chumbani.

"Ningekuwa mropokaji, mwanangu, nakala tatu zingenitosha."

Mkaguzi akagonga muhuri.