Mabuti ya Watu Wawili

Mwaka wa sabini na moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki, na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la tano. Mama aliuza sukuma wiki katika soko la Gikomba, mimi nikasukuma mkokoteni wa mifupa kutoka soko la nyama la Burma. Sikusoma, na sioni haya kulisema. Vijana wa siku hizi wakija kuniuliza bingwa anatengenezwa na nini, huwajibu: nidhamu, kuamka mapema, kutovuta sigara. Wanaridhika. Mimi ndiye nisiyeridhika.

Miaka michache baadaye tulianza kujifunza ndondi katika ukumbi wa mtaa. Akina mama wakimaliza kushona, viti vilisogezwa ukutani na kamba za ulingo zikafungwa. Kocha wetu alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache na filimbi kubwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili alinizidi mwaka mmoja. Alifanya kazi katika kiwanda cha mikate kule Indastrio, eneo la viwanda. Sisi wawili tulinunua mabuti ya ndondi ya mtumba, jozi moja, saizi iliyokuwa katikati yetu. Yeye yalimbana vidole. Mimi nilijaza gazeti mbele. Yeye alipigana uzani wa unyoya, mimi bantam, uzani wa chini yake, kwa hiyo tulipokezana. Mmoja akishuka ulingoni anafungua kamba za mabuti, mwenzake anaketi sakafuni akiyangoja, yakiwa bado na joto na jasho. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, "Refa, ngoja! Mabuti yako njiani!"

Kila jioni aliniletea mikate iliyovunjika, ile ambayo kiwanda hakiuzi. "Kula, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Bondia mwenye njaa hupigwa na upepo."

Nikala. Nilikula miaka mitatu. Ndipo siku moja kocha akanipandisha kwenye mizani, akaitazama, akanitazama mimi.

"Wewe si bantam tena. Sasa ni unyoya."

Wakati huo kampuni moja kubwa ilikuwa inaunda timu yake. Ukichaguliwa, umepata kazi ya kudumu, sare, na nyumba ya mawe yenye mfereji wa maji ndani. Ukumbi wetu uliruhusiwa kupeleka mtu mmoja kwa kila uzani. Mmoja tu.

Jirani yangu alinifuata nikiteka maji kwenye mfereji wa mtaa.

"Punguza uzito, ndugu yangu. Ruka kamba ukiwa umevaa gunia, kunywa maji kidogo. Bantam huna mpinzani hapa. Tutaenda sote wawili."

"Sawa," nikamwambia.

Ningeweza. Wiki tatu zilitosha. Lakini nilijua mwili wangu ukikaushwa unabaki miguu tu, ngumi inaondoka. Huko kwenye timu ningepigwa na kurudishwa mtaani. Nikiwa na uzani wangu mpya nilikuwa na nguvu. Basi nikaendelea kula. Mkate wa nani? Mkate wake. Naye aliendelea kuuleta, akidhani naugawia wadogo zangu.

Siku ya mchujo nikapanda mizani. Unyoya. Aliangalia ule mshale, kisha akacheka kidogo.

"Kumbe wadogo zako wamekonda bure," alisema.

Tukaketi sakafuni, mabuti yakiwa kati yetu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunayahitaji kwa wakati mmoja. Akayasukuma kwangu kwa mguu.

"Vaa wewe. Mimi yananibana."

Yalikuwa yamembana miaka yote hiyo na hakuwahi kulalamika. Nikayavaa. Yeye akapanda ulingoni na raba za kazini, soli zake zimelainishwa na mafuta ya kiwandani.

Raundi mbili alinishinda. Lazima niliseme hili, kwa maana wengi mtaani walilisahau. Katika raundi ya tatu alirusha mkono wa kushoto, raba ikateleza, na mikono yake yote miwili ikafunguka kuzuia mwili usianguke. Nililiona hilo kabla yake. Nilikuwa nimeanza kulingoja tangu alipoyasukuma mabuti. Nikampiga kwenye taya.

Sheria ilikuwa upande wangu. Refa alihesabu mpaka kumi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kocha akanishika shingo akawaambia watoto waliokuwa dirishani, "Mmeona? Huyu hana huruma ulingoni. Huo ndio moyo wa bingwa." Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyokuwa ya kweli kuliko hiyo.

Kesho yake jioni mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, taya limevimba, mkono umeshika mkate uliofungwa kwa karatasi.

"Hongera," alisema. "Usituaibishe huko."

Nikaupokea. Nikaula.

Nilipigania timu ile miaka tisa, nikapanda ndege, nikapigiwa saluti na askari wa lango. Yeye hakuvaa glavu tena. Alistaafu kiwandani, na hukaa chumba kimoja katika mtaa wa mabanda wa Mukuru. Tukikutana huniita "Bingwa" bila kejeli yoyote. Siku moja nilimpelekea mabuti, nikamwambia ni zamu yake. Aliyageuza, akachungulia ndani, akatoa kipande cha gazeti nilichokuwa nimekijaza. "Bado yatanibana," akasema, akanirudishia. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Leo nina nyumba Komarock, ghorofa moja. Nina duka la mbao na misumari. Nina lori moja la kubeba mchanga, injini si nzuri. Nina shamba la mahindi nyumbani kwa mama na ng'ombe wawili. Nina makombe matatu. Nina mabuti yale, na gazeti nimelirudisha ndani.