Injini Isipoe

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Elirehema ni namna anavyoligusa gari. Hatumii kiganja. Anageuza mkono, analaza mgongo wa vidole juu ya chuma na kutulia kidogo kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha ndipo anaanza kuuliza maswali. Amekuwa fundi umeme wa magari kwa miaka ishirini na sita. Kumi na minne kati ya hiyo aliimalizia Arusha, mtaa wa Sokon One, katika gereji ya magari ya watalii ya bwana Muzammil, na huko ndiko alikofukuzwa mwezi Juni, mchana kweupe, mafundi wenzake wakimtazama.

Chanzo kilikuwa Landkruza moja ya kijani. Asubuhi gari hilo liliwaka mara moja, bila kusumbua. Lakini likishatembea mbali na injini ikashika moto, ukilizima halipigi tena stata. Unageuza ufunguo, unasikia "tak" moja chini ya boneti, basi. Ukiliacha saa nzima lipoe, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

"Nileteeni likiwa la moto," Elirehema aliwaambia. Aliwaambia Februari, akawaambia tena Machi.

Hawakumletea. Utaratibu wa gereji ile ni kwamba magari yanarudi jioni, yanalala, na mafundi wanayakagua saa kumi na mbili asubuhi, wakati baridi ya Mlima Meru imeyashika mpaka chesisi. Kila asubuhi gari liliwaka, na kila asubuhi Elirehema alichekwa. "Mzee anatibu mgonjwa aliyepona," walisema.

Dereva wa gari lile, Lesikar, ndiye pekee aliyeujua ukubwa wa tatizo, naye alinyamaza. Dereva anayelalamikia gari hapewi safari. Basi kwa miezi minne alikuwa akiliegesha likitazama mteremko, na Arusha hii mteremko haukosekani. Akitaka kuondoka aliachia breki, gari likaserereka, akaingiza gia ya pili, likawaka. Wageni walidhani ni mbwembwe tu.

Siku moja ya Juni, hifadhini Momela, kando ya ziwa, akalizima mahali tambarare. Wageni wanne walikaa ndani saa nzima, nyati wakila majani hatua chache kutoka mlangoni, hakuna wa kushuka kusukuma. Malalamiko yalipofika ofisini, Muzammil alihitaji mtu wa kumbebesha. Akasema Elirehema alifungua stata nzima akaiuza, kisha akafunga ya mtumba. Hakuna aliyeifungua kuangalia. Lesikar alisimama palepale akitazama viatu vyake.

Neno la wizi halikukaa Sokon One. Lilimtangulia Elirehema mpaka usharikani kwake, ambako alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka tisa. Wazee wenzake walimwomba kwa upole apumzike kwanza, mpaka jambo lake liishe. Upole ule ulimuuma kuliko tusi. Mkewe, Joyce, alimwambia amwachie Mungu. "Mungu hakuwepo gereji siku ile?" alijibu, na tangu hapo hawakulizungumza tena.

Sasa anafanyia kazi kwenye kiwanja cha wazi Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, jirani na banda la chapati la Mama Aikande. Na leo, saa kumi jioni, Landkruza ya kijani imeingia pale ikinguruma.

"Shikamoo, fundi," Lesikar alisema kupitia dirishani.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Mzee, nisaidie. Wamebadilisha stata mbili tangu uondoke. Ni vilevile. Nimetoka nalo Momela moja kwa moja, sijazima. Bosi hajui kama niko hapa."

"Zima."

Lesikar akazima. Akageuza ufunguo. Tak.

Elirehema alichukua mita yake ya kupimia umeme, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Geuza tena. Shikilia." Mita ikapanda hadi volti sita. Pale ilitakiwa isifike hata moja. Nusu ya umeme ulikuwa unapotelea kwenye ule waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye injini. Ndani ya ganda lake waya ulikuwa umeoza, ukipata moto unashindwa kubeba mzigo, ukipoa unajikaza. Stata haikuwa na kosa. Hata ile ya kwanza haikuwa na kosa.

"Kumbe waya!" Lesikar aliruka. "Dakika tano tu, mzee. Funga mwingine niende zangu."

"Sifungi. Mpigie Muzammil."

"Atanifukuza!"

"Mimi nilifukuzwa kwa ajili yako. Mwambie ulivyokuwa ukiserereka miteremkoni miezi minne. Mwambie aje aone mita kwa macho yake. Hutaki, lisukume mpaka Sokon One."

Lesikar aliitazama barabara. Upande wa kurudi Sokon One ilikuwa ikipanda, hapakuwa na pa kuserereka. Akatoa simu, akasogea pembeni, lakini sauti ya Muzammil ilisikika mpaka kwa Mama Aikande. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia yote. Anakuja. Amesema ikiwa ni uongo wenu wawili, tutajuta."

"Amesema yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza anatoka Sokon One."

Elirehema alitazama juu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka Meru, na upepo wake una baridi inayojulikana. Gari likipoa kabla Muzammil hajafika, litawaka kwa mguso mmoja, na yeye atakuwa mwongo mara ya pili, mbele ya mtu yuleyule. Alishusha boneti haraka.

"Mama Aikande! Niazime blanketi."

"Lina malaria?" mama yule alicheka, lakini alilileta, na magunia mawili juu yake. Walilifunika gari kuanzia kioo mpaka bampa, wapita njia wakisimama kushangaa.

"Mzee, Mungu akipenda halitapoa," Lesikar alisema.

"Wewe nyamaza. Mungu nimemwachia mengine. Hili namsubiri Muzammil."

Dakika kumi na tano zikapita, zikawa ishirini. Simu ya Lesikar ikalia. "Alikwama kwenye foleni Mianzini," alisema, "lakini imeanza kusogea."

Elirehema alisimama ukingoni mwa lami, mita mkononi, akiangalia kila gari jeupe kama la Muzammil linalokuja kutoka mjini.