Meza ya Dirishani

Rafiki yangu, mimi ni mtu wa wivu, na heri nikiri mapema kabla hujanigundua mwenyewe. Mwaka juzi binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Vienna, alinitumia tiketi nikamtembelee. Nilidhani atanionyesha makanisa na majumba ya wafalme. Kumbe yeye na mumewe walikuwa wamepanga kunizungusha kwenye hoteli za zamani, migahawa ya zamani na baa za zamani, siku nne mfululizo, huku mguu wangu mmoja ukiwa mbovu. Kila tulikoingia tuliambiwa maneno yaleyale: viti ni vilevile, kaunta ni ileile, hata misumari ya kutundikia makoti haijaguswa. Kwenye mgahawa mmoja mhudumu mwenye tai ya kipepeo alituonyesha kwa jicho bibi kizee mmoja aliyekaa kona. Akasema yule huja pale tangu alipokuwa msichana akiletwa na mama yake, na mpaka leo anakaa kiti kilekile.

Nilimtazama yule bibi. Alikuwa anakula keki yake taratibu, kofia ameiweka pembeni, hana habari na mtu. Nikamwonea kijicho mpaka kahawa ikanipalia. Binti yangu akaniuliza kama sikuipenda keki. Nikasema keki ni nzuri. Sasa ningemwambiaje kwamba nimemchukia mwanamke wa watu ambaye hajanikosea chochote, kwa sababu tu kiti chake bado kipo?

Maana hata mimi kuna kiti ninachokitafuta. Kilikuwa Sumbawanga, miaka ile ya Ujamaa, mji ulipokuwa umetoka tu kufanywa makao makuu ya mkoa, na watumishi wa serikali walikuwa wanashuka kwenye mabasi ya Mbeya na magodoro yao, wakiuliza kama baridi ile huwa inaisha. Haikuwa inaisha. Upepo wa mwezi wa saba Ufipa hauulizi kama umevaa sweta. Sisi tulikaa mtaa wa Malangali, baba akiwa karani ofisini, na nyuma ya nyumba tulikuwa na matuta ya maharage yaliyotungoja kila tulipotoka shule. Nilichota maji, nilichekecha unga wa ulezi, nilichambua dagaa, na kazi zote hizo nilizifanya huku akili yangu ikiwa barabarani, kwenye hoteli.

Kwetu hoteli ni mahali pa kula, si pa kulala. Ile ilikuwa ya familia moja ya Kiislamu iliyokuwa pia na duka la vitambaa na malori mawili. Mlango wake ulipakwa rangi ya kijani. Ndani kulikuwa na mabenchi, picha ya Rais ukutani, redio ya betri iliyotangaza vifo vya mikoa yote, na meza zilizofunikwa nailoni yenye maua. Mabenchi yalikuwa ya kila mtu, lakini dirishani palikuwa na meza moja yenye viti vinne vya kuegemea, na aliyekaa pale aliiona barabara nzima, na barabara nzima ilimwona. Harufu ya iliki na sambusa ilitoka mpaka nje, ikakukuta ukiwa na ndoo kichwani.

Na pale dirishani, kila Jumamosi, alikaa mtoto wa jirani yetu. Baba yake alikuwa ofisa kutoka Mbeya, na aliamini kwamba familia inapaswa kula nje mara moja kwa wiki. Mtoto yule alikuwa rika langu, darasa moja na mimi, na alijua kushika kikombe kwa vidole viwili. Nikipita na ndoo yangu alinipungia mkono. Labda kwa wema tu, sasa naweza kusema hivyo. Wakati ule niliona ananipungia ili nione sambusa. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Watanzania wote ni ndugu na hakuna mkubwa wala mdogo, nami niliitikia kwa sauti kubwa, moyoni nikiuliza mbona ndugu yangu amekaa dirishani na mimi nimejitwisha maji.

Nilimsumbua baba mwaka mzima. Mwisho, ili apumzike, aliahidi kwamba nikichaguliwa kwenda sekondari atanipeleka, na tutakaa meza ileile. Basi nilisoma, rafiki yangu. Wengine walisomea taifa, mimi nilisomea sambusa. Jina langu lilipobandikwa kwenye ubao wa matokeo, jambo la kwanza nililomwambia baba ni kwamba Jumamosi si mbali.

Kumbe habari ilikuwa imefika kijijini kwetu Mwazye kabla yangu. Bibi yangu mzaa baba alipanda lori la mazao akaja kuniaga, na kuku wawili na kikapu cha maharage. Bibi huyu alikuwa hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, ati namnyang'anya babu. Nikikosea kusonga ugali wa ulezi alisema mke mwenzangu atatuaibisha kwa mume wetu, nami nilicheka mpaka mwiko ukanitoka. Hakuna jina nililolipenda kama lile.

Baba akasema bibi naye twende naye. Mama alibaki na mdogo wangu mchanga. Bibi aliuliza tunakwenda kula kwa nani. Baba akamtajia jina la mwenye hoteli. Akauliza kama mtu huyo ana mke. Baba akasema anaye, ndiye anayepika. Basi bibi akarudi ndani, akatoka na kuku mmoja na nusu ya yale maharage, kwa sababu kwao mtu haendi kula nyumbani kwa watu mikono mitupu. Baba alijaribu kueleza kwamba pale watu hulipa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kulipa ni kwako wewe, mimi nakwenda kumwona mwenye jiko.

Tulipofika, meza ya dirishani ilikuwa wazi. Nilikaa kabla mtu hajaniambia kaa. Bibi alipita moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akapiga goti, akapiga makofi ya salamu kama wanavyofanya wakubwa wa kwetu, akamkabidhi mama mwenye hoteli kuku wake. Yule mama, mwanamke mnene mwenye ushungi, alishangaa kidogo tu. Akapokea kwa mikono miwili, akamwitikia, akamkaribisha ndani. Na bibi akaingia. Kwetu Ufipa mgeni mwanamke haketi akaletewa huku mwenyeji wake anahangaika jikoni. Kufumba na kufumbua alikuwa amefunga kanga kiunoni na mikono yake imo kwenye karai la vyombo.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba alicheka, akasema mwacheni mama, ndivyo alivyo, kisha akaitwa nje na mwenzake wa ofisini. Nikabaki peke yangu na viti vitatu vitupu. Na hapo ndipo alipoingia mtoto wa jirani na baba yake. Baba yake akaungana na wale wa nje. Yeye akaja kukaa mbele yangu, kwenye meza yangu, siku yangu, kama mtu aliyefika kwake. Akatazama jikoni, ambako bibi alikuwa anasuuza sahani na kucheka na mama mwenye hoteli.

"Yule mfanyakazi mpya?" akaniuliza. "Mbona nimemwona anakuja na nyie?"

Sijui niliwaza nini. Ninajua nilichosema.

"Simjui," nikasema. "Tumekutana naye njiani tu."

Alipotazama juu ya bega langu ndipo nami nikageuka. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya wali na mchuzi wa mbuzi, na sambusa mbili juu yake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hicho nilichosema kilikuwa Kiswahili chepesi. Alikunja goti kidogo, akaiweka sahani mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayemhudumia mtu asiyemfahamu.

"Karibu chakula, mgeni," akasema.

Akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka baba alipokwenda kumwita. Alikula hukohuko, kwenye kigoda, na yule mama, na vicheko vyao nilivisikia nikitafuna zile sambusa nilizozisomea mwaka mzima. Sikumbuki ladha yake. Mtoto wa jirani alinisimulia habari za Mbeya na nadhani nilimjibu.

Njiani bibi alizungumza na baba kwa Kifipa, kwa furaha, kuhusu mdalasini ambao yule mama hutia kwenye chai na jinsi alivyomfundisha kuutwanga. Mimi nilitembea nyuma. Nilingoja aniite. Nyumbani, wakati wa kusonga ugali, nikauacha ufanye madonge makusudi, ili anitanie. Bibi akauchukua mwiko mkononi mwangu, akausonga vizuri, akaniita kwa jina langu la ubatizo, akasema lete bakuli.

Toka siku ile hakuniita tena mke mwenzangu. Usidhani alininunia. Alinifungia karanga za safari, aliniombea, alinitumia soksi za sufu shuleni. Ila jina lile alilirudisha kwake na hakunipa tena, nami nilikuwa na kiburi cha kutouliza na aibu ya kutosema. Na kibaya zaidi, akapata shoga. Kila alipokuja mjini alifikia kwanza hotelini, na kila mavuno yakija, kikapu cha kwanza cha maharage kilikwenda kwa mama mwenye hoteli kabla ya kwetu. Mama yule naye alimtumia mchele na vitenge kwa dereva wa malori. Nilirudi likizo nikawakuta wamekaa jikoni wawili, wanachambua mchele na kuambiana mambo kwa Kiswahili nusu na Kifipa nusu, na bibi akimwita, kwa kicheko kilekile nilichokijua mimi, mke mwenzangu.

Nilisimama mlangoni nikawatazama. Wivu niliokuwa nao kwa mtoto wa jirani ulikuwa mchezo wa watoto. Huu ulinifanya nirudi nyumbani bila kuwasalimia.

Nilijiwekea mpango. Nitakapoajiriwa nitamchukua bibi, nimkalishe dirishani, mimi ndiye nisimame na kumletea, na kila atakayeingia nimwambie huyu ni bibi yangu. Nilitaka kulisema palepale nilipolikana, kwa sababu niliona mahali pengine haitahesabika. Nikaanza kazi ya ualimu. Mshahara wa kwanza ukaenda kwenye godoro, wa pili ukaenda kwenye nauli ya mdogo wangu, na masika ile bibi akafa. Mazikoni Mwazye, mama mwenye hoteli alishuka kwenye lori na gunia la mchele, hakuketi na wageni, akaenda moja kwa moja jikoni akafunga kanga. Ndugu waliniuliza yule ni nani. Nikawaambia muulizeni mwenyewe.

Baadaye naye akazeeka, wanawe wakahamia Dar, nyumba ikauzwa. Kwetu hakuna anayekuja kukuuliza kama ukuta fulani una kazi kwako kabla ya kuuvunja. Sasa unaelewa kwa nini keki ya Vienna ilinishinda. Kwenye miji ya watu wanatunza hata misumari ya makoti, na bibi kizee yeyote anaweza kurudi kwenye kosa lake akalikuta liko palepale, limefutwa vumbi. Mimi nimebaki nalo mkononi, sina pa kuliweka.

Niliporudi kutoka huko nilikwenda Sumbawanga, kwa kisingizio cha harusi. Pale palipokuwa na mlango wa kijani pana duka la simu, vioo vitupu, taa nyeupe mchana kweupe. Nilipima kwa macho kutoka barabarani, nikakadiria dirisha lilipokuwa, nikaingia nikasimama hapo. Kijana wa dukani aliniambia shikamoo, mama, na alipoona mguu wangu akanivutia kiti cha plastiki. Nikakaa. Akaniuliza nataka simu au nataka kutengenezewa.

Nikamwambia sitaki kitu, namsubiri bibi yangu.

Duka lilikuwa na watu, nami nilisema kwa sauti, kwa hiyo waligeuka. Kijana alizitazama mvi zangu. Halafu akaenda nyuma akaleta kiti cha pili.